Kisukari Kipya na Kalenda ya Malolo

Mtu anayeambiwa leo kwamba ana kisukari hupokea mambo mawili kwa wakati mmoja: ugonjwa wa kuishi nao maisha yake yote, na utegemezi wa vitu vinavyotoka mbali, yaani vidonge, stripu za kupimia, na kwa wengine insulini. La kwanza huelezwa kliniki. La pili mara nyingi halielezwi na yeyote mpaka siku barabara itakapokatika. Katika Malolo, kata ya wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, kwenye ardhi ya korosho, ufuta na mbaazi ambayo zamani ilihesabiwa yote kuwa Nachingwea, siku hiyo haishtukizi kama inavyodhaniwa. Ina msimu wake. Anayejua kalenda ya kilimo anajua pia, kwa kiasi kikubwa, ni lini dawa zitakuwa shida, ni lini mfuko utakuwa mtupu na ni lini sukari itamshuka akiwa shambani.

Ugonjwa wenyewe huthibitishwa kwa vipimo. Sukari ya milimoli 7 kwa lita au zaidi kabla ya kula chochote tangu usiku, au 11.1 na kuendelea saa yoyote kwa mtu mwenye kiu isiyokatika, kukojoa kila mara na kukonda, inatosha. Asiye na dalili hurudiwa kipimo siku nyingine. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, huthibitisha kikifika asilimia 6.5, ila upungufu wa damu na selimundu huweza kukipotosha.

Kwa mpango wa dharura, hata hivyo, namba inayosomwa siku ya kwanza si jambo kubwa kuliko yote. Kubwa zaidi ni kama mwili bado unatengeneza insulini yake. Mwenye aina ya kwanza, ambaye mara nyingi ni mtoto au kijana, hana insulini ya kutosha hata ya kumvusha siku chache. Akiikosa, damu huanza kujaa tindikali, na ndani ya saa au siku chache maisha yake huwa hatarini. Mwenye aina ya pili anayetumia vidonge anaweza kukaa wiki nzima bila dawa sukari ikiwa juu, akaumia lakini mara nyingi asife. Wawili hawa hupewa jina moja la ugonjwa na pengine hukaa benchi moja la kliniki, ila mpango wao wa dharura haufanani hata kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari, kabla ya habari za ugali na matunda, ni hili: nikikosa dawa hii, nina muda gani?

Mfumo wa afya wa vijijini haukuandaliwa kwa swali la namna hiyo. Utafiti wa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 1989 katika jarida la The Lancet, ulipima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania na kukuta wenye kisukari hawafiki hata mmoja kwa mia. Chama cha Kisukari Tanzania kilikuwa kimeanzishwa miaka michache tu kabla, mwaka 1985, na ugonjwa ulionekana kuwa wa mjini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1. Hata ukizingatia kwamba njia za kupima na watu waliopimwa hawakuwa sawa, tofauti ni kubwa. Zahanati iliyojengwa kwa ajili ya malaria, chanjo na uzazi sasa inapokea watu wanaohitaji dawa ileile kila mwezi bila kukosa, na kukosa mwezi mmoja ndiyo dharura ya kawaida kuliko zote. Kimbunga hutangazwa redioni. Kabati la dawa lililo tupu halitangazwi.

Vimbunga navyo vina tarehe zao. Kile cha Zanzibar cha mwaka 1872 kilipiga tarehe 15 Aprili. Kilichopiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth, kilichotua Cabo Delgado kusini kidogo ya Mtwara, kilikuwa tarehe 25 Aprili 2019. Jobo, kilichofifia kabla ya kufika pwani, kilikuja mwishoni mwa Aprili 2021. Na Hidaya kilifika tarehe 4 Mei 2024. Matukio machache hayatoshi kuwa kanuni, lakini yote yameangukia kati ya katikati ya Aprili na wiki ya kwanza ya Mei. Ni mwisho wa masika, wakati ardhi imeshiba maji na mito haina tena pa kumwaga. Mvua za Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, Kilwa, na kwa siku kadhaa mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki na njia ya kuzunguka kupitia Masasi, Tunduru na Songea. Malolo iko mbali na bahari na upepo wa kimbunga huifikia ukiwa umepungua. Ila dawa zake hupita kwenye barabara ileile.

Kalenda ya fedha inakwenda kinyume na kalenda ya mvua. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huingia kuelekea mwisho wa mwaka. Kuanzia Januari fedha hupungua, chakula ghalani hupungua, na kazi ya jembe huwa ndiyo nzito kuliko wakati wote. Ufuta huanza kuleta fedha tena karibu na Juni. Maana yake, miezi ambayo barabara ni mbaya ndiyo miezi ambayo mtu hana cha kununulia dawa hata kama zimefika. Akiba inayongoja taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa imeshachelewa. Wakati wake ni Desemba, siku fedha ya korosho inapoingia, kabla haijagawanywa kwenye ada, mabati na madeni.

Kwa vidonge jambo hilo ni rahisi. Metformini na gliklazidi hukaa miezi mingi pakavu na pasipo jua, ndani ya pakiti yake, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Akiba ya ziada ya mwezi mmoja juu ya matumizi ya kawaida inatosha kwa hali nyingi, na miezi miwili ni bora kwa anayekaa ng'ambo ya mto usio na daraja la kudumu. Stripu ni dhaifu zaidi. Unyevu wa masika huziharibu zikiachwa wazi, kwa hiyo kikopo hufunguliwa, hutolewa moja, hufungwa palepale, na kikopo cha pili hakiguswi mpaka cha kwanza kiishe. Mashine yenyewe hutumia betri ndogo ya duara ambayo si rahisi kupatikana kijijini, na betri ya akiba ni kati ya vitu vya bei ndogo vinavyosahauliwa kuliko vyote.

Insulini ndiyo yenye mgogoro. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na iliyofunguliwa hutumika kwa takribani wiki nne. Chupa ya kawaida ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayechoma yuniti 30 kwa siku angeimaliza kwa siku 33, lakini kwa kanuni ya wiki nne huitupa ikiwa imebaki na kitu, hivyo chupa tatu hazimvushi miezi mitatu kamili na hana budi kuhesabu nne. Nyumba isiyo na friji itaziweka wapi?

Kwa miaka mingi wagonjwa wa vijijini walielezwa tu kwamba bila friji haiwezekani. Ushahidi wa karibuni umelegeza kauli hiyo, na sehemu yake imetoka Afrika Mashariki yenyewe. Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, kisha wakaiweka insulini maabara katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya wiki nne nguvu yake ilikuwa sawa na ya ile ya kwenye friji. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane yalikwenda mbali zaidi: chupa zisizofunguliwa za baadhi ya insulini ya binadamu zinaweza kukaa hadi miezi sita zisipozidi nyuzi 25, na hadi miezi miwili zisipozidi nyuzi 37.

Hapo mtungi wa udongo unarudi kazini kwa hoja za kisayansi. Maji yanayopenya kwenye udongo usiopakwa rangi hukauka juu yake na kuondoka na joto, na ndani hupoa. Insulini hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, huwekwa kwenye chungu kidogo, na chungu hicho huwekwa ndani ya mtungi mkubwa. Nafasi katikati hujazwa mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni. Mtungi hukaa kivulini panapopita upepo, si stoo iliyofungwa. Udhaifu wake unapaswa kusemwa wazi: hewa ikiwa na unyevu mwingi maji hayakauki upesi, kwa hiyo mtungi hufanya kazi vizuri zaidi kiangazi kuliko Aprili. Kwa bahati, Aprili si mwezi wenye joto la juu kabisa. Basi chupa zilizochukuliwa katikati ya Machi na kuwekwa mtungini zinaweza kumvusha mgonjwa mpaka katikati ya Mei, yaani zinafunika dirisha zima la vimbunga. Zilizochukuliwa Desemba haziwezi. Hii ndiyo sababu mwenye insulini hawezi kuiga mpango wa mwenye vidonge: fedha yake huitenga Desemba, dawa yake huichukua Machi.

Friji la duka la soda si mbadala salama moja kwa moja. Insulini ikigusa barafu na kuganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri, na mafriji mengi ya maduka huganda upande wa juu au nyuma. Kuangalia kwa macho husaidia kidogo tu. Insulini ya kazi ya haraka inapaswa kuwa angavu kama maji, na ikiwa na ukungu hutupwa. Ile ya mchanganyiko ni nyeupe kama maji ya mchele kwa asili yake. Yenyewe hutupwa ikiwa ina madonge au chembe zinazoganda kwenye kioo baada ya kuviringishwa taratibu kati ya viganja. Yapo pia mazingira ambamo uamuzi wa busara ni kuhama: mtoto wa aina ya kwanza anayeishi ng'ambo ya mto unaojaa ni afadhali akae kwa ndugu Ruangwa mjini au Nachingwea kwa wiki hizo chache, karibu na hospitali ya wilaya, kuliko kutegemea mtungi peke yake.

Katika siku za kawaida, hatari inayomwahi mgonjwa mpya wa Malolo ni sukari kushuka kuliko kupanda. Glibenklamidi, kidonge cha bei nafuu kilichoenea, hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumbo ni tupu. Mkulima anameza kidonge alfajiri, anatoka bila kula kwa sababu ni Februari na unga unapimwa, anapalilia mpaka saa nne. Kwanza mikono inatetemeka na linatoka jasho lisilo la jua. Kisha anakuwa mkali bila sababu, au anasimama akiangalia mstari wa mahindi asijue alikuwa anaelekea wapi. Akipimwa chini ya 4, au asipokuwa na kipimo, tiba ni ileile: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, au nusu chupa ya soda yenye sukari, kungoja robo saa, kurudia kama hajapata nafuu, kisha kula muhogo au ugali. Aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu; hulazwa ubavu na kukimbizwa penye dripu ya glukosi. Hata akizinduka, aliyetumia glibenklamidi anahitaji kuangaliwa kwa siku nzima, maana kidonge kinaweza kumshusha tena usiku. Kwa mzee, au mwenye figo dhaifu, ni halali kumuuliza daktari kama hakuna kidonge kingine. Metformini peke yake haishushi sukari kiasi hicho.

Msimu wa mabibo, kati ya Oktoba na Desemba, huleta sura nyingine ya hatari hiyohiyo. Uraka, pombe ya mabibo, na gongo inayokenekwa kutokana nayo, huzuia ini kutengeneza sukari mpya. Mgonjwa aliyekunywa bila kula anaweza kushuka saa nyingi baadaye, usingizini. Balaa ni kwamba anayeshuka sukari hupepesuka, hubwabwaja na kunuka pombe, na kijiweni hakuna atakayemfikiria zaidi ya mlevi. Huachwa alale. Ndiyo maana mke, kaka au jirani wanaojua habari ya ugonjwa wake wana thamani kuliko kadi iliyo mfukoni, ingawa kadi yenye jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, na namba ya simu ya ndugu, nayo isikosekane.

Homa ni dharura ya aina yake. Maambukizi yoyote hupandisha sukari, hata kwa mgonjwa asiyekula, na kosa linalofanyika sana ni kuacha insulini kwa hoja kwamba hajatia kitu mdomoni. Mwenye aina ya kwanza haachi kamwe insulini yake ya msingi. Dozi hurekebishwa, haifutwi. Sukari hupimwa kila baada ya saa nne au mara nyingi zaidi, na maji hunywewa kidogo kidogo bila kukoma. Metformini husimamishwa kwa muda mtu anapotapika au kuharisha sana, kwa sababu mwili ukikaukiwa figo hushindwa kuiondoa. Dawa za maumivu kama diklofenaki nazo huziumiza figo katika hali hiyo. Kutapika kusikokatika, maumivu ya tumbo, pumzi nzito za haraka, harufu ya matunda yaliyooza mdomoni na usingizi usio wa kawaida ni dalili za tindikali kwenye damu. Hapo hakuna tena tiba ya nyumbani. Mlonge na dawa nyingine za miti hazichukui nafasi ya insulini, na muda unaopotea kwa kuzijaribu ndio uliohitajika kufika hospitali.

Malaria, ambayo Lindi haijaiaga, huchanganya mambo kwa namna mbili: homa hupandisha sukari, lakini malaria kali yenyewe, pamoja na kwinini, huishusha. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari mwenye malaria hapimwi mara moja na kuachwa. Ruangwa ina kumbukumbu nyingine ya karibu. Julai 2022, katikati ya kiangazi, ugonjwa wa homa, kuumwa kichwa, uchovu na kutoka damu puani ulizuka wilayani humo, katika eneo la Mbekenyera. Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza wagonjwa 20 na vifo 3, na chanzo kikabainika kuwa homa ya mgunda. Huenezwa na mkojo wa wanyama kupitia maji na udongo, na hushambulia figo, kiungo ambacho kisukari nacho hukila taratibu. Mlipuko ule unaonyesha kwamba akiba inayomalizika Mei haitoshi peke yake. Kiwango cha chini hutakiwa kuwepo hata kiangazi.

Udongo na maji ndiyo njia pia ya madonda ya miguu. Kisukari hufifisha hisia nyayoni, na mtu anayevuka maji machafu kwa ndala anaweza kuchomwa na mwiba au kipande cha bati asijue. Viatu vilivyofunika vidole, kukagua nyayo kwa kioo au kwa macho ya mtoto kila jioni, na kukausha kati ya vidole ni kazi ya dakika mbili. Dalili ya donda bichi kwa mgonjwa wa kisukari ni safari ya zahanati siku hiyohiyo.

Chakula hakina mambo mengi kama yanavyokuzwa. Hakuna nafaka inayoruhusiwa na nyingine iliyoharamishwa: ugali wa mtama, wa mahindi au wa muhogo wote hupandisha sukari, na kinachopimwa ni ukubwa wa tonge zima kwenye sahani. Mbaazi, kunde, kisamvu, mlenda na dagaa, vinavyopatikana palepale, huijaza sahani bila kuipandisha sukari kwa kasi. Tatizo la dharura ni kwamba msaada ukija huja kama unga, mchele na sukari, na familia hula wanga mtupu. Gunia la mbaazi kavu lililowekwa tangu mavuno ni dawa kwa maana halisi.

Ramadhani nayo ni sehemu ya kalenda, na kila mwaka huja mapema zaidi kwa takribani siku kumi na moja. Miaka hii ya katikati ya muongo wa 2020 imeangukia Februari na Machi, yaani ndani ya miezi ya njaa na palizi. Mgonjwa amesamehewa kufunga, lakini wengi hufunga. Anayetaka kufunga huonana na daktari wiki kadhaa kabla ili dawa zigawanywe upya kati ya futari na daku. Saumu hufunguliwa mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6. Kupima kwa kutoboa kidole, kwa mujibu wa wanavyuoni wengi, hakubatilishi saumu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya kijiji, na orodha ya wenye kisukari wanaotumia insulini ingefaa kuwa kati ya vitu vya kwanza kwenye daftari la kamati hiyo, kando ya wajawazito na wazee. Mhudumu wa afya wa jamii anawajua. Mganga mfawidhi akipata idadi hiyo mapema, anaweza kuiingiza kwenye maombi ya dawa kabla mvua hazijaanza, na hilo hupunguza mzigo wa kila kaya kujiwekea yake.

Barabara zikifunguka, kazi haijaisha. Kliniki ya kwanza baada ya masika ni ya kukagua miguu, shinikizo la damu, macho, protini kwenye mkojo na hali ya figo, na kurudisha dawa iliyosimamishwa wakati wa homa. Vidonge vya akiba hutumika kwanza vile vya zamani, na vipya huingia nyuma yake. Kwa insulini, tarehe ya kiwandani huhesabiwa tu kwa chupa isiyowahi kutoka kwenye friji. Iliyokaa mtungini huandikwa kwa kalamu kwenye boksi lake siku iliyotoka kwenye baridi, na miezi miwili ikitimia huondolewa hata kama haijafunguliwa, ikingoja fedha ya ufuta kununua nyingine mahali pake.